Kiporo cha Chumba cha Saba

Kile chuma kilivunjika kama kigae.

Kalunde alikuwa amekichomeka kwenye ufa wa mwamba, nje ya ukuta wa Chumba cha Saba, akawa anakitumia kutundikia nyundo. Mwisho wa zamu alipoichukua nyundo, aliigonga kidogo tu kwenye kile chuma, nacho kikakatika. Hakikupinda kwanza. Kalunde alianza kuchomelea vyuma akiwa msichana mdogo, Tabora, na alijua kwamba chuma kizima hupinda kabla ya kukubali kukatika. Akaviokota vipande vyote viwili, akavitia mfukoni mwa vazi lake la ombwe, akaingia ndani.

Stumai Kidunda alikuwa karakanani, ameinama juu ya meza. Alikuwa injinia wa mishono wa mji wote wa Kivulini, na bado alikuwa mdogo kuliko mafundi wote aliowasimamia.

"Shikamoo, dada Kalunde."

"Marahaba. Shika hiki."

Chuma kilikuwa baridi kiasi kwamba Stumai alikiacha kidondoke. Kilishuka polepole, kama vitu vyote vinavyoshuka Mwezini, kikatua mezani.

"Si kipande cha pete ya majaribio hiki?"

"Ndicho. Kina mshono wako. Nimekigusa na nyundo, kimenipasukia."

Mshono wako. Ndivyo watu walivyouita, na mpaka siku hiyo Stumai alipenda kuusikia ukiitwa hivyo. Kila chumba cha Kivulini kiliunganishwa na korido kwa pete nene ya chuma, na zamani pete hizo ziliunganishwa kutoka ndani tu, tabaka juu ya tabaka, na Fundi Pazi peke yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha mgongo na kumaliza msimu. Stumai alikuja na wazo alilolibeba tangu chuoni: kwa nini pete moja isiunganishwe kwa njia mbili? Fundi Pazi aanze ndani, kwenye hewa, na waya wake wenye unga katikati. Kalunde aanze nje, kwenye ombwe, na mwale wa elektroni, maana mwale ule hautaki hewa na huko nje hewa haipo. Wakutane katikati ya unene wa chuma. Chumba cha Saba kilikuwa cha kwanza kuunganishwa hivyo, na kilikamilika kabla hata watu hawajamaliza kugombania vitanda.

"Tulikipima," Stumai alisema. "Tulikipinda hapa hapa, kikakubali."

"Hapa hapa," Kalunde alisema, akifungua zipu ya vazi. "Humu ndani jasho linanitoka. Kule nje nilikokuwa, mate yanaganda kabla hujatema."

* * *

Fundi Pazi aliitwa. Alikuja na mwiko mkononi, kwa kuwa alikuwa akipima unga wa mlo wa kesho.

"Nani kafa?"

"Bado," Kalunde alisema. "Wewe Mzaramo hujafika kwenye orodha."

Mmoja Mzaramo, mwingine Mnyamwezi, watani. Walirushiana maneno asubuhi na jioni, na mtu mgeni angedhani wanachukiana. Lakini walipoviona vile vipande mezani, wote wawili waliacha mchezo.

Stumai aliandaa vipande vipya vitatu. Kimoja kilikuwa na mshono wa Pazi peke yake, kingine wa Kalunde peke yake, cha tatu kilikuwa na yote miwili, kama pete ya Chumba cha Saba. Kalunde akaviweka nje kivulini mpaka vikapoa kabisa, akavileta ndani ya sanduku la barafu. Pazi akavibana kwenye jiliwa kimoja kimoja, akapiga.

Cha kwanza kilipinda. Cha pili kilipinda. Cha tatu kililia mlio mwembamba, na nusu yake ikaruka mpaka ukutani.

Pazi aliisogeza taa. Chuma kilikuwa kimekatika katikati kabisa, pale mishono miwili ilipokutana.

"Nusu yangu nzima," alisema.

"Na yangu nzima," Kalunde alisema. "Basi umeniharibia wewe."

"Mimi? Nimekaa kwangu, nimefunga mlango, mwale wako ndio umekuja kunichokoza!"

Stumai hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, amejishika kichwa.

"Kweli mwale umekuchokoza," alisema taratibu. "Fundi, ule unga ulio kwenye waya wako una alumini. Ukichomelea kwenye hewa, naitrojeni inaingia kwenye chuma, na alumini inaikamata na kuifunga. Ndiyo maana mshono wako mzuri. Sasa dada Kalunde anakuja kutoka nje na mwale, anauyeyusha ukingo wa mshono wako mara ya pili, anachanganya na chuma chake kisicho na alumini. Walinzi wanapungua, wafungwa ni wale wale. Kwenye joto naitrojeni imetulia, huioni. Kwenye baridi inakifanya chuma kuwa kioo. Kila mmoja wenu amefanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye niliyewakutanisha."

Pazi aliangalia mwiko wake kama mtu aliyesahau ni wa nini.

* * *

Mwiko ule ulikuwa wa mlo wa mshono. Kivulini hapakuwa na cheti wala muhuri ulioaminiwa kuliko mlo huo. Chumba kipya kikijazwa hewa, waliokiunga waliingia na jiko, unga na samaki, wakafungiwa mlango. Walipika, wakala, wakaosha vyombo humo humo. Wakimaliza waligonga mlango kutoka ndani, na hapo ndipo wenye chumba waliingia. Aliyeunga ndiye aliyekula kwanza. Hakuna fundi aliyewahi kukataa.

Stumai aliliwaza hilo njiani kwenda kwa Mwenyekiti wa mji, na alipofika kwenye kona ya korido alisimama ghafla. Jiko. Sufuria ya ugali inayotoa mvuke, mafundi wenye jasho, mlango umefungwa. Mlo ule ulikipasha chumba joto. Mji mzima ulikuwa ukiipima mishono yake kwa heshima na ujasiri wote, na kila mara uliipima ikiwa na joto. Kesho Fundi Pazi angekula, angeosha vyombo, angegonga mlango kwa furaha, na pete isingesema kitu.

Mwenyekiti Lukindo alimsikiliza mpaka mwisho, hata ombi lake la kukizimia chumba joto kikiwa kimejaa hewa. Kalunde alikuwa amemfuata, akasimama mlangoni.

"Pete ina mikanda ya kuipasha joto?" Lukindo aliuliza.

"Inayo."

"Inafanya kazi?"

"Vizuri."

"Basi ikiwa na joto haipasuki. Wasiwasi wako ni mikanda kuzimika."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Umeme wetu haujawahi kukatika."

"Mwenyekiti," Kalunde alisema, "wewe ulizaliwa nchi gani?"

Lukindo alitabasamu bila kupenda, kisha tabasamu likaondoka. "Injinia, nisikilize na mimi. Chumba cha Pili wanalala kwa zamu. Huyu akiamka yule analala, kitanda hakipoi. Mashine ya hewa ilitengenezwa kwa nusu ya watu wale. Nasikia watoto wanavyokohoa mpaka hapa nilipokaa. Ukikizimia joto chumba kipya kikapasuka, tunasubiri miezi mingine. Kuchelewa nako kunaua. Kunaua polepole tu, na hakuna anayelaumiwa." Alishusha pumzi. "Sikuamrishi. Mishono ni yako. Lakini usidhani upande mmoja una watu na upande mwingine hauna."

Stumai alitoka. Ingekuwa rahisi zaidi kama Lukindo angekuwa mtu mbaya.

Angeweza kuiacha mikanda ikiwaka. Angeweza kuongeza betri ya akiba, na nyingine ya kuisaidia, na kila akilala ajiambie kwamba zimetosha. Watoto wangepumua hewa safi kesho. Yeye angebaki yule injinia kijana aliyejenga chumba upesi kuliko wote. Labda umeme usingekatika kamwe. Neno hilo, labda, alilibeba mpaka mlango wa Chumba cha Pili, na pale likamshinda uzito.

Aliingia. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya nguo zisizokauka. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini na mtoto mgongoni, kwa sababu kitanda chake kilikuwa cha mtu mwingine saa hiyo. Watu walimsogelea Stumai wakidhani amekuja kuwaambia saa ya kuhamia.

Akawaeleza. Hakutumia maneno ya chuoni. Alisema chumba ni kizuri kwenye joto na huenda kikapasuka kwenye baridi. Kwamba kosa liko kwenye mpango wake, si kwenye mikono ya mafundi. Kwamba njia ya kujua ni kukizimia joto kikiwa kimejaa hewa. Na kwamba wanaweza kukikosa.

Palikuwa na manung'uniko. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba wasomi huwa wanaona kasoro baada ya watu kufunga mizigo. Stumai alikubali kwa kichwa.

Yule mwanamke alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Dada," alisema, "kulala kwa zamu tunaweza. Kufa hatutakufa kwa zamu. Kizime tuone."

* * *

Aliyekataa alikuwa Fundi Pazi.

"Kizime," alisema. "Lakini mimi nitakuwa ndani. Nimekula kwenye vyumba sita. Cha saba nikae nje, nichungulie kama mwizi? Watoto wangu wataitwa watoto wa nani?"

"Fundi, tafadhali," Stumai alisema. "Nakuomba kama mwanao."

"Mwanangu, wewe unanihurumia, na ndicho kinachonichoma. Ukimtoa fundi kwenye chumba chake, umewaambia watu alichounga hakiamini."

Stumai akajua kwamba kila neno zaidi lingekuwa tusi juu ya tusi. Alimgeukia Kalunde.

Kalunde alikuwa akila karanga. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Mzaramo," alisema. "Ukifa humo ndani, mtani wako ni nani?"

"Unajua ni wewe. Bahati mbaya."

"Kwa hiyo wa kuchimba kaburi ni mimi. Wa kuwachekesha wafiwa ni mimi. Wa kuvaa koti lako na kutembea kama wewe, kiuno kimekwenda upande, ni mimi. Umeuona mwamba wa huku? Nachimba kwa mwale siku nzima, naambulia tundu la kikombe. Sichimbi! Ukifa nakuacha hapo hapo, nakuwekea kopo la maua, watu wakutumie kama meza."

Mafundi wote waliokuwa karibu waliangua kicheko. Pazi alijaribu kukunja uso, akashindwa. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati, na aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

"Mnyamwezi huna adabu," alisema.

"Sina. Na bado nahitaji mtu wa kumtukana mwaka ujao."

Pazi alikunja mikono ya shati lake. "Sawa. Lakini chumba hakitaachwa kitupu kama pango. Nitaandaa."

Aliingia peke yake. Akatandika mkeka, akapanga sahani, akaweka ugali na samaki vilivyopikwa Chumba cha Pili, akafunika kwa kawa. Akanyoosha ncha ya mkeka iliyojikunja. Alipotoka alifunga mlango kwa mikono yote miwili.

* * *

Mikanda ya joto ilizimwa. Watu walisimama kwenye korido nyuma ya kioo kinene cha mlango: Lukindo, mafundi, na wenye chumba, wengi wao wakiwa na vifurushi ambavyo hawakuwa wamevifungua.

Mwanzoni hapakuwa na kitu cha kuona. Mvuke uliokuwa ukitoka pembeni mwa kawa ulipungua, ukaisha. Utando mweupe wa barafu ulianza kwenye pete, ukatambaa ukutani. Mtu mmoja aliinamisha kichwa na kuomba kimya kimya. Stumai aliweka kiganja kwenye fremu ya mlango, akahisi baridi ikija ndani ya chuma. Sehemu yake moja iliomba mshono ukubali, na aliionea huruma sehemu hiyo, kwa maana ndiyo iliyokaa macho miaka yote ya chuo.

Ulisikika mlio mmoja, kama kijiti kikavu kinavyokatika.

Ufa ulikuwa mwembamba, chini upande wa kulia wa pete. Ncha ya mkeka iliinuka. Kisha kawa ikaondoka juu ya chakula, ikapaa chumbani bila haraka, ikazunguka mara moja, ikaenda kujibandika juu ya ule ufa, kana kwamba kuna mtu alitaka kuufunika. Ikakaa hapo ikitetemeka mpaka hewa yote ilipokwisha, halafu ikaanguka.

Fundi Pazi alikuwa akiuangalia mkeka, mahali palepale ambapo angeketi.

Lukindo ndiye aliyekohoa kwanza. "Watoto wa Chumba cha Pili waanze kulala kwetu leo," alisema. "Nyumba yangu itawachukua watatu. Na ninyi wengine semeni mtachukua wangapi." Akamgeukia Stumai, na sauti yake haikuwa na lawama. "Injinia, unahitaji nini?"

Stumai alijifuta pua. "Nikeli. Zile fimbo za nikeli zilizoletwa kwa ajili ya mitambo ya maji."

"Za kufanyia nini?"

"Hawa wawili ni wazuri, lakini wakigusana wanaharibiana. Nataka tuikate pete, tuweke katikati tabaka la chuma kisichojali baridi. Fundi Pazi aunge upande wake, dada Kalunde upande wake, na waya usikutane na mwale hata mahali pamoja. Wawe na mtu wa kati."

"Mshenga," Pazi alisema.

"Ndiyo. Mshenga."

"Mzaramo na Mnyamwezi wamehitaji mshenga." Alitikisa kichwa. "Makubwa."

* * *

Kazi ilichukua muda wake. Pete ilikatwa, ikasafishwa, ikapakwa nikeli tabaka kwa tabaka, na kila kipande cha majaribio kilipigwa nyundo kikiwa baridi, mbele ya yeyote aliyetaka kuja kutazama. Vilipinda. Wakavitundika ukutani kwenye korido, vimekunjamana kama vidole vya mzee, na watoto wakapenda kuvihesabu wakipita.

Siku moja kabla ya chumba kujazwa hewa, Fundi Pazi alipika ugali na samaki, akavifunika, akaviacha.

"Hatuli?" Kalunde aliuliza.

"Kesho. Kesho kitakuwa kiporo, na tutakila humo, mikanda imezimwa, jiko limebaki nje. Moto ulikuwa unatudanganya. Kuanzia sasa chumba cha Kivulini kinafunguliwa kwa kiporo."

Siku ya pili yake walivaa makoti mazito. Pazi na Kalunde walisimama mlangoni, wakangoja. Stumai alikuwa pembeni pamoja na wengine, mahali alipozoea kusimama, maana mainjinia hawakuwahi kuunga chuma na kwa hiyo hawakuwahi kula.

"Unangoja kukaribishwa kwa barua?" Pazi alimwambia. "Mwenye mpango naye ale."

Mlango ulifungwa nyuma yao watatu. Baridi ilikuwa imeshaingia kwenye kuta, na pumzi zao zilitoka kama moshi. Waliketi kwenye ule ule mkeka. Ugali ulikuwa umekauka juu, mgumu, na samaki alikuwa ameganda kwenye mafuta yake. Stumai alimega tonge, vidole vikimuuma, akachovya, akala. Kilikuwa chakula kibaya, naye alihisi hajawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho.

Katikati ya mlo kitu kililia: tik.

Mikono mitatu ilisimama juu ya sahani. Stumai aliangalia pete. Pazi aliangalia pete. Barafu ilimeta juu ya mshono mpya, na mshono ulikuwa mzima, duara lote.

"Ni jino la Mzaramo," Kalunde alisema. "Limekutana na samaki."

Pazi alijipapasa shavu kwa ulimi, kwa uangalifu, kama mtu anayekagua kazi yake mwenyewe. "Kweli ni jino," alisema.

Walicheka mpaka kuta zikawarudishia kicheko chao. Kisha wakala mpaka sahani zikabaki tupu, wakaziosha kwa maji yaliyotaka kuganda vidoleni mwao, wakakunja mkeka. Pazi alikwenda mlangoni, akainua mkono, akausimamisha. Akarudi nyuma hatua moja.

"Injinia," alisema. "Gonga wewe."

Stumai akagonga. Upande wa pili, kabla mlango haujafunguliwa, alimsikia mtoto akiuliza kama wao nao watakula kiporo, na sauti ya yule mwanamke ikijibu kwamba hapana, wao watawasha jiko.